Kishikio cha Sanduku la Shangazi

Mimi kisomo changu ni cha ngumbaru, nilikipata ukubwani, lakini majina hayanipotei. Watu wote waliosafiri na lile sanduku nawajua, wao na mama zao na vyumba walivyopanga. Siwataji, maana wana wajukuu hapa mjini. Ila la sanduku lenyewe nitalisema, kwa sababu hata leo nikimwona kijana anapanga nguo za kwenda kusoma nje, kinyaa ndicho kinachotangulia kunipanda kooni.

Sanduku lilikuwa la shangazi yetu, dada yake baba. Alikaa nyumba ya pili kutoka kwetu, Kariakoo, mtaa wenye wapangaji kila chumba. Lilikuwa la karatasi ngumu iliyopakwa rangi ya kahawia ili ifanane na ngozi. Kilichokuwa ngozi ya kweli ni kishikio tu. Aliachiwa na mpangaji wake mmoja aliyekwenda Ulaya akarudi na cheti, akapata na kazi ya ofisini. Wa pili akaliazima, naye akarudi na cheti. Wa tatu vilevile. Basi mtaani kwetu ikawa husemi fulani anakwenda kusoma, unasema fulani kapewa sanduku.

Na baada ya msafiri mmoja kurudi na kabla ya mwingine kuondoka, unadhani lilikaa wapi? Mvunguni mwa kitanda cha kamba cha shangazi, limejaa papa mkavu aliyekuwa akiuza sokoni. Likitolewa papa, linafutwa kwa mkono, linapewa mtu atie mashati. Hakuna aliyewahi kuliosha. Eti baraka haioshwi. Ptuu!

Basi mdogo wangu, niliyemlea baada ya wazee wetu kufariki, akapata nafasi ya kwenda kusomea uuguzi nchi za baridi. Zilikuwa zile siku za foleni. Sabuni foleni, khanga foleni, kitambaa ukikipata unashukuru hata kama rangi huitaki. Nikamshonea magauni mawili na shimizi nyeupe, nikamtafutia sweta na koti. Nikamwambia, "Wewe beba vichache, lakini viwe safi. Ugenini mtu hakujui, anakujua kwa nguo na harufu."

Shangazi akaja na sanduku kichwani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, wanangu. Haya, nyota yako hii hapa."

Mdogo wangu akafungua, akarudisha uso nyuma. "Shangazi, mbona linanuka papa?"

"Linanuka vyeti hilo!" Wapangaji waliokuwa uani wakacheka. Shangazi hakucheka. "Na asiyetaka sanduku langu hataki radhi yangu. Aende, tuone atakavyorudi."

Hapo alitufunga midomo. Baba hatuna, mama hatuna, radhi iliyobaki duniani ni yake. Nani anampandisha mtoto ndege bila radhi? Tukapanga nguo humo.

Asubuhi yake, siku moja kabla ya safari, nikafungua niongeze khanga. Shimizi niliyoishona kwa mkono wangu ina vidoa vyeusi kama nimenyunyizia pilipili manga. Nikaipindua. Wamo kwenye pindo! Kunguni, wanene, wamejipanga kwenye mshono kama watu wa foleni ya sukari. Nikamponda mmoja kwa kucha, ile harufu yake ikachanganyika na ya papa, nikatoka mbio uani kutapika chai niliyokwisha kunywa.

Nikazitoa nguo zote nikazikung'uta na kuzianika, nikalikokota sanduku juani. Nikapitisha ncha ya kisu kwenye bitana, nao wakamiminika. Shangazi akaitwa, akaja amejifunga kibwebwe tayari.

"Hao si wangu. Hao wa kwenu."

"Shangazi, sisi vitanda vyetu tumevimwagia maji ya moto Ijumaa."

"Ndiyo wakakimbilia humu! Sanduku langu limewasitiri kunguni wenu, badala ya shukrani mnanitukana."

Jirani yetu muuza maandazi, mama wa Kusini asiyekuwa na breki mdomoni, akadakia akiwa jikoni pake, "Mwacheni kunguni wa watu, naye kapata nafasi ya kusoma!"

Watu wakaangua kicheko. Mdogo wangu peke yake alikuwa analia. Akanivuta kando. "Dada, kule tunalala wanne chumba kimoja. Wenzangu wakiumwa siku ya kwanza, jina langu litakuwa Kunguni mpaka nimalize. Na nisipolichukua nimekosa radhi. Nifanye nini?"

Nikaenda kwa muuza maandazi, nikaipua sufuria yake ya maji yanayochemka, nikarudi nikalimwagia sanduku lote, ndani na nje.

Ile karatasi ikaumuka kama andazi. Mfuniko ukaachana na mwili, gundi ikatoka kama kamasi. Kunguni wakaelea pamoja na vipande vya papa vya tangu enzi za mpangaji wa kwanza, na unywele mmoja mrefu ambao sijui hata ni wa nani. Nikajua sasa nimeua, shangazi atatoa laana.

Shangazi akachutama. Akaangalia ule uji wa kahawia kwa muda. Kisha akatia mkono humo humo, mkono mtupu, akang'oa kishikio.

"Hiki ndicho walichoshika wote," akasema. "Shoneni begi lolote mtakalo, lakini litiwe hiki. Hapo natoa radhi."

Fundi cherehani wa barazani akatushonea begi la turubai kabla ya magharibi. Kishikio nilikisugua mimi. Mafuta ya taa, majivu, ndimu. Uchafu unatoka kama lami, na chini yake kuna mwingine. Jasho la viganja vya watu wote wale, na mimi namjua kila mmoja, na nawajua waliokuwa hawanawi. Kikakataa kutakata. Nikafuata masharti, kikashonwa.

Uwanja wa ndege shangazi alimshika kichwa mdogo wangu, akamwombea, akasema, "Radhi, mwanangu, radhi," akampulizia usoni. Mimi nikashusha pumzi.

Mdogo wangu akainama achukue begi. Akasita. Akavua khanga ya begani, akakizungushia kishikio mara mbili, ndipo akalinyanyua, akaenda zake bila kugeuka.

Shangazi akaona. Akasonya msonyo mrefu hata askari wa mlangoni akageuka. Lakini radhi ilikwisha kumtoka.

Nikarudi nyumbani nikavitoa vitanda vyote nje, nikabandika maji.