Mrina Asali wa Murungu na Mvumo Usiotoka Masikioni

Saa moja asubuhi, umande wa Murungu haujakauka, na Venanti ameshika ngazi ya miti kwa mikono miwili. Aliyepanda ni mkewe. Epifania amejifunga khanga kiunoni, sikio amelibana kwenye mzinga wa gogo, na anaugonga kwa kifundo cha kidole.

“Wamevuma, wakanyamaza upesi,” anasema kutoka juu. “Mama yao yupo.”

Venanti anaitikia kwa kichwa. Mzinga huo utarinwa. Katika vilima hivi vya Kibondo, mwanamke kupanda kwenye mizinga ni habari ya kusimuliwa sokoni wiki nzima, na ndiyo iliyomleta mwandishi huku.

Venanti ana miaka hamsini na minne, na kazi hii alifundishwa na baba yake. Nyuki wenye malkia, ukigonga mzinga, huvuma mara moja na kutulia. Waliofiwa na malkia huomboleza kwa muda mrefu, na huwa wakali. Mzinga mtupu haujibu kitu. Anayesikiliza ndiye anayewaambia wenzake pa kupanda na pa kupita mbali.

Sikio lake la kushoto liliumia angali kijana, gobori la mjomba wake lilipolipuka karibu naye wakiwa mawindoni. Tangu siku hiyo lilibaki na mlio mwembamba, na kwa miaka zaidi ya thelathini haukumsumbua.

“Ulikuwa kama mbu aliye nje ya chandarua,” anasema. “Unamsikia, lakini unalala.”

Mwaka 1974 familia yake ilihamia kijiji hiki kipya cha Murungu. Shule iko karibu, zahanati iko karibu, na Venanti hana neno baya la kusema juu ya hayo. Lakini mizinga yake sitini ilibaki msituni, mwendo wa siku nzima kuelekea Malagarasi. Kila kiangazi akiona moshi upande ule, alijua huenda moto unakula magogo yake, na shamba la kijiji halikumpa nafasi ya kwenda kutazama.

Mawazo yakamkaa. Akakosa usingizi, na kadiri alivyokosa usingizi ndivyo mlio ulivyopanda, ukaingia hata sikio la pili. Ulipopanda akazidi kuwaza: pengine anakuwa kiziwi, pengine kichaa. Hakumwambia mtu yeyote.

Mambo yalikuwa hivyo pale kikundi cha warina asali cha kijiji kipya kilipompa kazi ya kusikiliza, maana sifa zake zilikuwa zimemtangulia. Siku moja aliweka sikio, akasikia mvumo mzito, akatangaza kwamba mzinga umejaa. Kiongozi wa kikundi, Bazilio, akapanda na moshi wake. Alichokikuta ndani ni mjusi. Watu wakacheka, na Venanti akacheka nao.

Mara ya pili hakuna aliyecheka. Alisema nyuki wametulia, kumbe walikuwa wanaomboleza, ila mlio wa kichwani mwake ulikuwa umeufunika mvumo wao. Walimvaa Bazilio usoni, akalala siku kadhaa macho hayafunguki. Baada ya hapo wenzake wakaanza kusema kwamba Venanti aache kusikiliza, abebe kuni. Kwake hilo lilikuwa sawa na kuambiwa akae nyumbani asubiri kufa.

Akafunga safari hadi hospitali moja ya misheni upande wa Kasulu, akitumaini kupewa dawa ya matone. Mganga msaidizi aitwaye Khatibu alimchungulia masikio, kisha akamwuliza mambo ambayo Venanti aliona hayahusiani: analalaje, anawaza nini, mlio hupanda lini. Akajikuta anasimulia moshi wa kiangazi.

“Mzee wangu, jeraha ni la zamani, na mlio wenyewe sina dawa ya kuufuta,” Khatibu alimwambia. “Lakini hofu ndiyo inayoupandisha. Umekaa unauvizia mchana na usiku, na mwili haupumziki. Anza kwa kumwambia mtu wa nyumbani.”

Venanti anasema alitoka pale amekasirika. Safari yote ile, na anarudi na maneno matupu. Lakini alipofika alimwambia mkewe, kwa kuwa hakuwa na chupa ya dawa ya kumwonyesha. Epifania alikuwa anamenya mihogo.

“Baba Makarius, mimi nilijua,” alisema. “Unaniuliza kama mvua inanyesha, na jua linawaka.”

Venanti alilia, na analisema hilo bila kuona haya. Siku hiyo alipata usingizi ambao hakuwa ameuonja tangu wahame.

Wazo la yeye kupanda ngazi na kusikiliza badala ya mumewe, baada ya kufundishwa naye, ni la Epifania. Bazilio alilipinga mbele ya kikundi kizima: tangu enzi za babu zao, mwanamke akikaribia mizinga nyuki huhama. Epifania akamjibu kwamba nyuki wa mumewe wamehama mara nyingi, na yeye yuko jikoni. Basi Bazilio akamjaribu kwenye mizinga mitano ambayo hali zake alizijua mwenyewe. Kwenye wa nne, Epifania alishuka upesi, akasema huo usiguswe. Bazilio akajishika shavu lililowahi kuumwa na nyuki.

“Mama asikilize,” akasema.

Tangu hapo Epifania anasikiliza, na Venanti anachonga, anapanda na kurina. Mizinga ya mbali ameamua kuiaga. Amekwisha kutundika mipya kumi na minane karibu na kijiji, na anataka ifike arobaini kabla ya mvua za mwakani. Anataka pia kikundi kimwandikishe mkewe mwanachama kamili, apate fungu lake.

Mlio haujaisha. Zikija habari za moto hupanda, kisha hushuka wenyewe. Mwandishi anamwuliza kama upo sasa hivi. Venanti anainamisha kichwa, anausikilizia kwanza.

“Upo,” anasema. “Tangu asubuhi sikuukumbuka, mpaka ulipouliza. Naomba Mungu, ukirudi mwakani ukaniuliza tena, nikawie zaidi kujibu.”