Jiko Lisivuke Kizingiti

Ile nyumba ya kuhifadhi wasio na makazi hapa Makambako niliingia kama mfagiaji. Shule sikuiona. Baba alisema mtoto wa kike atafundishwa na mumewe, na mume niliyempata alinifundisha kukimbia tu. Nilifagia, nikapika, nikawaogesha watu waliookotwa stendi wamejaa chawa, mpaka kamati ikanipa usimamizi. Chini yangu walikuwa mpishi, Badru mlinzi, na mwishoni Rejoice, binti mwenye stashahada, mpwa wa mwenyekiti.

Nilikuwa mkali, sikatai. Badru alikuwa akinitania, "Mama Beatrisi, ungekaa wewe getini, hata upepo wa Makambako ungepiga hodi." Nilikagua sufuria, mashuka, hata kucha za wafanyakazi. Lakini kuliko yote nilishikilia jambo la jiko. Huku kwetu baridi ikiuma, watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango, na asubuhi hawaamki. Mama yangu na mdogo wangu waliondoka hivyo, kule Ipelele.

Mwezi wa saba shangazi yangu alifariki huko huko Ipelele. Siku ya kwenda kuzika nilimsimamisha Rejoice mlangoni mwa chumba cha wanaume.

"Hata wakikulilia, jiko lisivuke kizingiti hiki. Waongezee blanketi."

"Sawa mama, nimekusikia," akasema, macho kwenye simu.

Mzee Aron, mmoja wa tuliowahifadhi, alikuwa amekaa pale pale akifunga viatu. Akacheka. "Nenda kazike, mwanangu. Jiko likija nitalifukuza kwa fimbo."

Hakulifukuza. Niliporudi nikakuta wanaume wawili wako hospitali, walibebwa asubuhi hawajitambui. Mungu akawarudisha. Rejoice aliwaonea huruma akawaingizia jiko, na hilo ningemsamehe, kwani amekulia kwenye joto, hajui. Lakini mbele ya kamati alisema bila kupepesa jicho:

"Mama Beatrisi ndiye aliyeniagiza. Alisema baridi imezidi, wape jiko."

Mimi! Mimi niliyezika mama kwa sababu ya jiko!

Mwenyekiti akauliza kama kuna aliyesikia vinginevyo. Moyo ukatulia, maana asubuhi ya siku hiyo ya kikao Mzee Aron alikuwa ameniahidi kwamba atasema.

"Mzee Aron, ulisikia nini?"

Akaizungusha kofia yake mikononi. "Mwenyekiti, masikio yenyewe haya ya kizee."

Mzee huyo akiwa getini husikia mfuniko wa sufuria ukifunuliwa jikoni! Badru akakohoa, akaangalia viatu vyake. Wote walijua. Siku hiyo hiyo nikavuliwa usimamizi, nikaambiwa nikiache na chumba changu cha uani. Rejoice akapewa nafasi yangu.

Nikiwa natoka na mzigo kichwani, nilimkuta Aron bombani, ananawa uso.

"Baba, ulisikia."

"Nilisikia, mwanangu."

"Sasa?"

"Wewe una nguvu, utapata pa kulala. Mimi nikimtaja yule binti, kesho nani atanifungulia geti?"

Neno hilo ndilo linanichoma mpaka leo. Miaka yote niliwakaripia wafanyakazi wangu kwamba hapa mtu asitishiwe kunyang'anywa kitanda. Niliwakaripia mpaka wakanichukia. Kumbe yule niliyempigania kuliko wote hakuwahi kuniamini.

Sasa nimepanga chumba Kitandililo, nauza parachichi kando ya barabara iendayo Njombe. Nikiingia kanisani, kina mama husogezana kwenye benchi. "Ndiye yule wa jiko," wananong'ona, kama mimi kiziwi. Rejoice hupita na gari la kamati, hapunguzi mwendo.

Juzi Mzee Aron alikuja kwa miguu, amevaa sweta niliyomfumia mwenyewe. Akasimama mbele ya meza yangu, akavua kofia.

"Kamwene, mama."

Nimelelewa kwamba mzee akikusalimu, unaacha ulichoshika, unaitikia. Niliendelea kupanga parachichi, makubwa huku, madogo kule.

"Kamwene, mwanangu," akarudia, safari hii kwa sauti ya chini, kofia bado mkononi, upepo unampiga kipara.

Nilimsikia vizuri sana.