Maua Yaliyokatwa kwa Jembe

Ninapovunja shina nene la maua yangu yanayotambaa kibarazani, harufu yake mbichi hunirudisha utotoni, kwetu Rumonge. Tulikuwa tumerudi kutoka uhamishoni Tanzania, tukakuta mzee mmoja anaishi kwenye shamba la babu. Alituachia kona ya uwanja kwa sharti moja: tulime maharagwe tu. Kwetu, ukipanda kitu cha kudumu, umeshasema ardhi ni yako.

Mama akapanda maua hayo, mekundu na ya njano.

"Mama, nilisema maharagi!" mzee akafoka.

"Haya iko maua tu, muzee. Watoto wanayapenda."

"Maua gani yanakaa mwaka muzima?"

Akayang'oa, akayakatakata kwa jembe, akavitupa vipande huku na huku. Nikalia. Mama akanifuta machozi, akanieleza taratibu kwamba mmea huu haudai mizizi: kipande kikilala tu juu ya mchanga, kinaota chenyewe.

Mvua iliponyesha, uwanja ulichanua mpaka mlangoni kwa mzee. Akatoka, akasimama ameduwaa, jembe mkononi.

"Murakoze, muzee!" mama akamshukuru kwa sauti. "Kata tena. Kule nyuma ya nyumba iko bado nafasi."