Besi Peke Yake

Jumapili, katika kanisa moja la mtaa wa Shaw, huku ughaibuni, waliimba upya opera ya Ayubu, iliyotungwa na mpiga kinanda wao wa zamani na kusahaulika miaka mingi. Mjane wake aliketi karibu nami, akifuata mapigo kwa kidole gotini.

"Makaratasi yalikuwa chini ya kitanda changu," aliniambia. "Kwenu nani hutunga?"

"Marehemu baba. Alitunga ya Yona, tukaiimba kwaya nzima Machakos."

"Mmeitunza?"

"Ndiyo, mama," nikadanganya, mbele ya madhabahu. Daftari alimoiandika baba nililichana nikafungia mandazi ya kuuza.

Kwenye basi la kurudi kwangu Arlington nilijaribu kuiimba ile ya Yona. Ikaja sauti yangu ya besi tu, maana kila mmoja wetu alifundishwa sauti yake pekee. Besi bila wenzake ni kama mtu anayenung'unika. Wewe uliyeimba soprano nasi Machakos, gazeti hili ninaloliandikia likikufikia, niandikie sehemu yako.