Fensi Iliyokataa Kuzima

Jumamosi, mwezi wa kwanza, 2006. Jua kali tangu asubuhi, upepo wa vumbi kutoka upande wa mlima, hata wingu moja hakuna.

Mambo haya yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Shule niliacha darasa la saba, kwa hivyo nikieleza vibaya mnisamehe, lakini sijaongeza kitu. Pale nilipo na shaka nitasema nina shaka.

Mimi ni fundi wa redio na televisheni mjini Kitale. Dada yangu mkubwa, Mama Simiyu, ni mjane, na analima ekari moja huku Saboti, karibu na msitu. Hiyo ekari ndiyo chakula chake cha mwaka mzima. Mwaka jana, mwezi wa nane, mahindi yakiwa mabichi, tumbili walikuwa wanashuka mchana kweupe. Wanakula, wanatupa, wanabeba. Dada akaniambia, "Wewe si ni fundi? Televisheni za watu unatengeneza, na dada yako atalala njaa?"

Nikaanza kumtengenezea boksi la fensi ya umeme, la kutumia betri ya gari. Kazi yake ni hivi. Transista inaifungulia koili umeme, halafu inaufunga ghafla, na koili ikifungiwa hivyo inapiga teke. Betri ni volti kumi na mbili, lakini hilo teke ni mamia. Linapita kwa dayodi, linajaza kapasita, na kapasita ikijaa inaachilia kwa waya: tak, tak, tak. Shida ilikuwa kuchagua vipuri. Transista tatu zilikufa mkononi mwangu, moja baada ya nyingine. Nilikuwa nachagua kwa kuangalia betri, teke siliangalii.

Nikaenda Bungoma kutafuta zenye nguvu. Saa tisa mchana mvua ikanikuta nyuma ya soko, nikajikinga kwa baraza moja. Hapo alikuwa ameketi mzee mwenye mikebe ya vipuri, na mbele yake televisheni iliyofunguliwa mgongo. Stima ilikuwa imepotea mji mzima. Hilo nina hakika, kwa sababu posho mill ya jirani, ya kusaga unga, ilikuwa kimya. Lakini chuma chake cha kulehemu, cha stima, kilikuwa kinatoa moshi.

Nikaweka boksi langu mbele yake. Hakuuliza ni la nini.

"Hii transista utaichoma kabra hujafika nyumbani, bana," akasema. "Ni ya redio. Chukua hii, ya televisheni kubwa. Na dayodi yako ni ya pole. Teke linarudi kabra haijafunga mlango."

"Na kapasita, mzee?"

"Hii yako ni ya volti mia nne. Wewe mtoto unamnunulia kiatu cha kumbana? Weka ya elfu moja."

Kila kipuri alikuwa anakinusa kwanza ndipo anipe. Nilicheka kidogo, si vizuri lakini nilicheka. Alipomaliza kulehemu akaunga betri, boksi likaanza tak, tak, na yeye akashika ule waya wa kutokea kwa vidole viwili, mkono umelowa mvua. Akanitazama tu. Hakupepesa jicho. Niamini, mimi niligusa kwa ncha ya kidole nikaangukia mikebe yake.

Sasa sikiliza vizuri. Akaniuliza, "Swichi ya kuzima nikuwekee?"

Sisi mafundi wa huku swichi tunaiona ni mapambo. Chomoa waya wa betri, umezima. Nikamwambia, "Wacha tu, mzee. Mimi nataka isizime."

"Isizime?"

"Isizime kabisa."

Akauliza mara ya tatu, nikajibu vilevile. Lazima niseme hivyo, kwa sababu watu wakisikia kisa hiki wanamlaani yeye. Yeye aliuliza. Hata bei yake ilikuwa ya haki.

Tulifunga fensi siku ya pili yake, waya kuzunguka shamba lote. Tumbili wawili wakarushwa, wengine hawakurudi. Dada alicheka mpaka akakaa chini. "Leo nimejua mama alizaa fundi!"

Mwezi wa kumi mahindi yakakauka. Nikachomoa betri ili tuvune. Tak, tak, tak.

Nikafikiri ni umeme umebaki kwa kapasita. Tukangoja mpaka kesho yake. Tak, tak. Nikang'oa boksi lote nikalipeleka jikoni. Boksi likanyamaza, fensi ikaendelea. Utaniuliza, si mngekata waya? Niliukata, kwa koleo yenye mpira. Waya ukaanguka kwa nyasi, ikabaki nafasi ya upana wa mlango. Dada akashika gunia lake akaingia hapo. Alirushwa akaanguka chali, kama waya bado uko. Mkono wake wa kulia mpaka leo hauwezi kukaza kamba.

Mimi nilikuwa nimesimama na koleo. 

Nilirudi Bungoma mara mbili. Pale barazani nilimkuta mama anayeuza omena, wale samaki wadogo. "Fundi? Hapa? Baba, umelewa ama umepotea?" Nikamwonyesha boksi, akavuta omena zake mbali nami. Pengine nilikosea baraza. Bungoma siijui sana, na siku ile ilikuwa mvua. Pengine mzee yupo, ni mtu kama mimi na wewe. Siwezi kuapa.

Pasta wa dada alikuja akaomba kando ya shamba. Aliposema amina, fensi ikapiga tak, akachukua baiskeli yake.

Kwa hivyo mahindi bado yamesimama, mabua yameanza kulala, na ndege ndio wanaokula. Dada anaenda kulima mashamba ya watu kwa mkono mmoja na nusu. Mimi boksi za fensi sigusi tena, hata nikibembelezwa. Wewe unayesoma, ukitengenezewa kitu cha nguvu, uliza kwanza kinazimwa vipi. Na mtu usiyemjua akikuuliza neno moja mara tatu, usiharakishe kujibu.

Nimekuja Saboti leo kumwona. Jioni hii tumekula viazi vitamu tulivyopewa na jirani, na chai ya rangi. Dada alitaka tugeuze viti, tukae tukiangalia upande wa barabara, shamba likiwa mgongoni.