Picha Juu ya Kioo cha Saluni

Hadi leo sijui wanawake wa saluni moja hapa mtaani Malvern, wasiojua neno la Kihindi, waliijuaje ndoa ya mwigizaji wa filamu za Kihindi kuliko mumewe mwenyewe. Picha ya mwigizaji huyo ilibandikwa juu ya kioo. Jumamosi moja binti mmoja, aliyekuwa anaolewa kesho yake, alimwonyesha msusi Mkongo picha ile. "Yaya," akamwita, kama Wakongo wamwitavyo dada mkubwa, "nitengeneze kichwa hivi hivi."

"Huyu si ameachika?" mama yake akang'aka. "Aliacha filamu kwa ajili ya bwana, halafu akaacha bwana kwa ajili ya filamu. Mkosi huo haukai juu ya mtoto wangu!" Akapanda kiti, akaanza kuibandua kona.

"Eish, mama, ukiitoa nitaiga nini?" msusi akauliza.

Binti akamtazama mama yake kupitia kioo. "Na mikono ya yaya je? Naye aliachana na bwana wake. Tuikate?"

Wa kwanza kucheka alikuwa msusi. Ikaamuliwa picha ibaki. Aliyeibandika upya ni mama mwenyewe, kwa mate na kidole gumba, kisha akauliza kama kichwa hicho kingempendeza na yeye.