Majivu Chini ya Kihenge

Mdomo wangu umeniponza mara nyingi, ila mwaka mmoja, enzi za kivuko kabla ya daraja, nusura univushe mto kwenda mahabusu Mahenge.

Tulikuwa tumemaliza kuvuna. Jirani yetu hapa Ifakara, mzee mmoja bahili, alikuwa amejaza mpunga kihenge chake hadi kinataka kupasuka. Jioni nikapita kwake, watu wanakunywa pombe, nikamwambia, "Mzee, kihenge chako kina mimba. Usiku nakuja kukizalisha." Watu wakacheka. Asubuhi mpunga ulikuwa umeshuka chini ya alama ya mkaa aliyochora ndani, kama debe mbili hivi. Hakuna aliyecheka.

Vijana wakanifunga mikono kwa kamba ya katani, wakanikalisha uwanjani kwa mzee, mmoja akakimbilia kituoni. Tukiwa tunasubiri, mke wa mzee, mama aliyenilisha tangu mdogo, akachukua fagio akafagia uwanja wote, kuanzia mlangoni hadi njiani. Kwetu mgeni hakaribishwi kwenye takataka, sembuse mgeni wa serikali. Hata mimi nilimnyanyulia miguu apitishe fagio.

Akaja askari mpelelezi na baiskeli. Akasimama ukingoni mwa uwanja, haingii, mikono kaiweka nyuma.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Wewe ndiye mwizi?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Na nani kafagia?"

"Mimi, baba," mama akajibu, fagio bado mkononi. "Karibu."

Askari akafumba macho. "Mama, umefagia nyayo zote."

"Sasa nikuache ukanyage mavi ya kuku?"

Na kuku wenyewe hawakulaza damu. Punje zilizodondoka, ambazo zingeonyesha mpunga ulielekea wapi, ndiyo walikuwa wanazimalizia.

Askari akanifungua mikono. Nikasema Mungu mkubwa, kumbe alihitaji kamba! Akachomeka vijiti, akaizungusha kwenye kihenge, akakataza mtu kuvuka, hata mwenye mali. "Mtu hapiti mahali asiache kitu," akasema. "Kazi yangu ni kukiona kabla nyie hamjakikanyaga."

Hapo nikasahau kama kesi ni yangu. Alipita kijia kimoja chembamba, kwenda na kurudi, na kila kitu alikichora kwenye daftari kabla hajakigusa. Halafu akachuchumaa. Kuzunguka miguu ya kihenge huwa tunamwaga majivu kuzuia mchwa, na majivu hayo hayafagiwi. Ndani yake kulikuwa na unyayo mmoja, vidole vinatazama nje.

"Yamemwagwa lini haya?"

"Jana magharibi, nilimwaga mwenyewe nimesimama nje," mama akasema. "Baada ya hapo hakuna aliyesogea."

Askari akakata bua, akapima unyayo kisigino hadi kidole gumba, akaufunika kwa ungo kuku wasiuchakure. "Kisigino kimezama," akasema. "Huyu alitoka na mzigo."

"Afande, na kama ni mnene tu?"

"Nyamaza, mtuhumiwa." Kisha akanigeukia. "Lakini umeuliza vizuri. Njoo."

Akamwaga majivu mapya pembeni, akanikanyagisha mikono mitupu, kisha na debe la mpunga. Kweli, na debe kisigino kilizama zaidi. Ila unyayo wangu ulilizidi bua kwa vidole viwili. Nikaruka.

"Usiruke, unapeperusha majivu!"

Wakafuata vijana, kisha mzee mwenyewe. Hakuna aliyeenea.

"Na wewe, mama."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Akalaza fagio chini, akakanyaga. Bua likaenea sawasawa, na kidole kidogo kilichompandia mwenzake kikajichora, kama kwenye unyayo wa chini ya ungo.

Mama akamgeukia mumewe. "Binti yako kule kijijini Kisawasawa ana siku ya nne tangu ajifungue, anakunywa uji wa kuomba. Nimekuomba mara tatu ukakataa. Mpunga huu nimeupanda mimi, nimeinama mimi kwenye maji. Alfajiri nimempa mtu wa lori ampelekee."

"Na mimi, mama?" nikauliza. "Ungeniacha nivushwe mto?"

"Ningesema mkifika kivukoni." Hakuniangalia.

Askari akafungua daftari. "Mzee, niandike nani kaiba?"

Mzee akautazama unyayo wa mke wake kwenye majivu, akautazama tena. "Andika hakuna kilichopotea."

"Na alama ya mkaa?"

"Nilichora vibaya."

Askari akakunja kamba, akanirudishia mimi, sijui kwa nini. Nikamsindikiza hadi njiani, maana swali lilikuwa linaniwasha.

"Afande, na kama mama angevaa makatambuga yangu? Maana huwa nayaacha nje ya mlango."

Akaniangalia miguu, kisha akapanda baiskeli.

"Sasa hivi ungekuwa kwenye kivuko," akasema, na wala hakuwa anatania.